Kabla hujachimba bwawa nyumbani: upana gani, kina gani?



Ukimtajia mtu wa Nyali au wa Diani habari ya bwawa nyuma ya nyumba, mawazo yake yanakwenda kwenye maji ya buluu, vigae na watoto wanaoogelea. Ukimtajia mtu wa Rukanga, pale chini ya mlima Kasigau, yeye anawaza shimo la kuvunia maji ya mvua: maji ya mbuzi, ya sukuma wiki, ya kufulia. Wengine huliita silanga, wengine bwawa la shamba. Lakini swali la mwenye nyumba ni lile lile huku na kule. Nichimbe upana gani? Niende chini kiasi gani? Na watoto wangu watakuwa salama?

Mara nyingi swali hili hujibiwa na mtu asiyefaa kulijibu. Fundi anachimba kwa ukubwa wa pesa ulizonazo mfukoni. Muuza nailoni anakukatia kipande alichobakiwa nacho dukani. Jirani anakwambia chimba kama langu. Kisha mvua inanyesha, bwawa linajaa, watu wanapiga picha, na kufika mwezi wa nane limebaki tope. Au baya zaidi, linabaki na maji, halafu siku moja mtoto anatafutwa hapatikani.

Leo nataka tupige hesabu pamoja. Nitakalosema ni hili: kina cha bwawa kiamuliwe na jua na mahitaji ya nyumba, na usalama uamuliwe na ua. Ukivichanganya, yaani ukichimba bwawa la kina kifupi ukidhani umemlinda mtoto, utapoteza maji na mtoto hujamlinda.

Mvua yetu na jua letu

Sehemu za Voi hupata mvua ya takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na hiyo huja kwa misimu miwili. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba. Wakulima wa huku wanajua kwamba vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi, masika yetu yana kigeugeu. Baada ya masika kuna kiangazi kirefu, Juni mpaka Oktoba. Hiyo ni miezi mitano, au siku 150 hivi. Bwawa la nyumbani hujengwa kwa ajili ya siku hizo.

Rukanga ina bahati ya mlima. Maji ya bomba ya vijiji vya Kasigau yanashuka kutoka kwenye chemchemi za msitu ulioko juu. Lakini kiangazi kikikaza, bomba nalo huchoka, na watu na mifugo wanaanza kugombania mtungi. Kwa hiyo bwawa halichukui nafasi ya bomba. Linalipunguzia mzigo, ili maji safi yabaki ya kunywa na kupikia.

Sasa jua. Katika tambarare hizi za Tsavo, maji yaliyo wazi yanaweza kupungua milimita 6 kwa siku kwa kukauka tu, bila mtu kuchota hata kikombe. Milimita 6 ni kitu kidogo ukiitazama kwenye rula. Lakini kwa kila mita moja ya mraba ya uso wa maji, hizo ni lita 6. Bwawa lenye uso wa mita za mraba 100 linanyang'anywa lita 600 kwa siku, yaani mitungi 30 ya lita 20. Hakuna familia Rukanga inayotumia mitungi 30 kwa siku kwa kuoga na kufua.

Jua linakula kutoka juu. Halijali chini kuna kina gani, linatazama uso tu. Hapo ndipo siri ya kina ilipo.

Anza na mahitaji

Chukua karatasi uandike. Tuseme maji ya kunywa yanatoka bombani au kwenye tangi la paa. Bwawa tunaliachia kazi nyingine. Ng'ombe wawili, lita 40 kila mmoja kwa siku, ni lita 80. Mbuzi 10, lita 5 kila mmoja, ni lita 50. Kufua na kuosha, lita 70. Bustani ndogo ya mboga, lita 200. Jumla ni lita 400 kwa siku. Kwa siku 150 ni lita 60,000.

Mtu akiona hesabu hii anasema, basi nichimbe shimo la lita 60,000. La, hapo amemsahau yule mnywaji mkubwa kuliko ng'ombe wote, yaani jua. Inabidi umchimbie na yeye sehemu yake.

Mashimo mawili yenye udongo sawa

Tulinganishe mabwawa mawili. Yote mawili yana kuta za mteremko, kwa sababu ukuta wa wima kwenye udongo wetu mwekundu hubomoka. Kila mita moja unayoshuka, ukuta unaingia ndani mita moja. Hesabu yake ni nyepesi: pima urefu na upana wa katikati ya kina, yaani nusu ya njia kwenda chini, uzidishe kwa kina. Jibu ni mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000.

Bwawa la kwanza ni pana na la kina kifupi. Juu ni mita 12 kwa 10, kina ni mita 1. Katikati inakuwa mita 11 kwa 9, kwa hiyo ni lita 99,000.

Bwawa la pili ni dogo juu lakini limeshuka. Juu ni mita 10 kwa 8, kina ni mita 2. Katikati inakuwa mita 8 kwa 6, na hilo ni lita 96,000.

Udongo unaochimbwa ni karibu sawa, na ujira wa kuchimba hautapishana sana, ingawa kutoa udongo chini kabisa kunachosha zaidi. Sasa tuyajaze yote, mvua ikatike, na familia ichote lita 400 kila siku huku jua likila milimita zake 6. Bwawa la kwanza litakauka baada ya siku kama 100. La pili litafika siku kama 135. Kazi ile ile ya jembe, lakini umepata zaidi ya mwezi mmoja wa maji. Kwa mtu wa Rukanga, mwezi mmoja mwishoni mwa kiangazi ndio tofauti ya kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa na kubaki naye.

Hapo umekaribia zile siku 150 lakini hujafika. Zilizobaki utazipata kwa kufunika sehemu ya maji kwa neti ya kivuli au makuti juu ya nguzo, au kwa kupunguza bustani mwezi wa mwisho. Si lazima kila tatizo litatuliwe kwa jembe.

Je, tukishuka mita 3 au 4? Kwa nyumba ya kawaida sishauri. Kuta zinakuwa hatari kwa wachimbaji wenyewe, kuchota kunakuwa shida, na kwa sababu kuta zina mteremko, kila ukishuka sakafu inazidi kuwa ndogo. Lile bwawa la juu mita 10 kwa 8, ukilishusha kutoka mita 2 hadi 2.5, linaongezeka lita 7,000 tu. Mita 2 mpaka 2.5 ndicho kina kinacholipa.

Je, litajaa?

Kuna bwawa kubwa kuliko mvua yake. Mwenyewe anajisifia shimo, lakini kila mwaka linajaa magoti. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, pima eneo litakaloleta maji.

Paa la mabati la mita za mraba 60, msimu ukileta milimita 250, litakupa lita 12,000 hivi baada ya kutoa yanayomwagika njiani. Hayo ni mazuri kwa tangi, hayajazi bwawa. Bwawa linajazwa na maji yanayotiririka juu ya ardhi: uwanja, njia, mteremko wa jabali. Kwenye ardhi ya kawaida, tukadirie robo ya mvua ndiyo inayotiririka, iliyobaki hunywewa na udongo. Kwa msimu ule ule wa milimita 250, ili kupata lita 100,000 unahitaji eneo la mita 40 kwa 40 linaloelekea kwenye bwawa lako. Msimu ukiwa nusu, utapata nusu au pungufu. Wanaoishi karibu na majabali ya Kasigau wana nafuu, kwa sababu jabali halinywi maji kama udongo.

Chimba shimo dogo la kutegea mchanga kabla maji hayajaingia bwawani, ulizoe kila baada ya mvua. Bila hilo, kina chako cha mita 2 kitakuwa mita moja na nusu baada ya misimu michache, na utakuwa unahifadhi matope. Weka pia njia ya kutolea maji ya ziada, pana na iliyopangwa mawe, ili bwawa likijaa maji yasipite juu ya ukingo na kuubomoa.

Na tafadhali, chimba chini, usijenge juu. Maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi hayawezi kumwangukia mtu. Maji yaliyozuiwa na tuta yanaweza. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Lile lilikuwa kubwa mno kuliko lako, lakini maji hayana adabu ya udogo. Jirani aliye chini ya mteremko ana haki yake pia. Na ukitaka kuziba mkondo au korongo lenye maji ya msimu, hilo si shimo la uani tena. Linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Nailoni na utelezi wake

Udongo wetu mwingi una mchanga. Bwawa lisilotandikwa kitu linaweza kujaa Ijumaa na likawa nusu Ijumaa inayofuata, kwa sababu ardhi inakunywa kutoka chini huku jua linakunywa kutoka juu. Mwenye udongo wa mfinyanzi anaweza kuushindilia. Wengi wetu tutanunua nailoni nzito ya bwawa. Ondoa mawe na mizizi, tandika mchanga laini au magunia chini yake, na ufukie kingo zake kwenye mtaro kuzunguka bwawa.

Lakini nailoni hiyo hiyo iliyookoa maji ndiyo inayobadilisha bwawa kuwa mtego. Ikilowana inateleza. Ikiota ukungu wa kijani inateleza zaidi. Mtu mzima mwenye nguvu zake, anayejua kuogelea baharini, anaweza kushindwa kupanda ukuta wa nailoni wenye mteremko. Kila anaposhika, mkono unarudi. Sembuse mtoto, sembuse mbuzi.

Mtoto hapimwi kwa kina

Hapa ndipo nawasikia wazazi wakisema, basi nitachimba mita moja tu, watoto wasizame. Ndugu yangu, mtoto wa miaka miwili anazama kwenye beseni. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama akatangulia nacho hawezi kujiinua. Wala hapigi kelele kama tunavyoona kwenye filamu. Anazama kimya, kwa muda mfupi kuliko mama anaotumia kugeuza chapati.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wenye hatari kubwa zaidi. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kwa ajili ya kuzuia vifo hivi. Na ushauri wa kwanza wa wataalamu ni kizuizi kati ya mtoto na maji. Huo ndio ua.

Ua uwe na urefu usiopungua mita 1.2, usio na vijiti vya kupandia, na mlango unaojifunga wenyewe, wenye komeo upande wa juu. Waya ni mzuri. Asiye na waya apande mnyaa kwa kubanana na aongeze matawi ya miiba mpaka ukue, ila awaonye watoto kuhusu utomvu wake machoni. Ua usiongoje bwawa limalizike. Mvua inaweza kuja usiku wa siku uliyotandika nailoni.

Ndani ya ua, weka njia ya kutokea. Kamba yenye mafundo, iliyofungwa kwenye nguzo imara na kushuka mpaka sakafuni, pande mbili zinazotazamana. Au magurudumu makuukuu yaliyofungwa mfululizo kama ngazi. Weka na dumu tupu la lita 20, lililozibwa vizuri na kufungwa kamba, la kumrushia aliyeanguka. Na usichote kwa kuinama ukingoni. Weka pampu ya mguu, au bomba linaloshuka kwa mteremko mpaka kwenye bustani na birika la mifugo, nje ya ua. Ng'ombe akinywea nje, mtoto anayechunga hana sababu ya kuingia.

Akitolewa mtu majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimtikise. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni, mkandamizeni kifua, na mwingine akimbilie usafiri wa kwenda hospitali.

Watoto wakitaka kuogelea je? Watataka, tusijidanganye. Bwawa la nailoni si mahali pake, kwa ule utelezi, na pia kwa sababu maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuleta kichocho. Lakini kuwafunza kuogelea ni jambo jema, na kwa dini yetu ni jambo la kupendeza. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwastiri mwili mzima. Mwenye uwezo wa kujenga bwawa la kuogelea la saruji nyumbani, kwa watoto wanaojifunza maji ya mita 1 hadi 1.2 yanatosha, na pasiwe na kuruka kwa kichwa. Na ua ni ule ule.

Mbu na ndovu

Wazee wetu wa Lamu walikuwa na birika bafuni, na ndani yake waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika walijengea bakuli la kaure, ili maji yakishuka samaki wapate pa kukaa. Ni akili ambayo bwawa la leo linaihitaji. Chimba sehemu moja ya sakafu iwe chini kidogo kuliko nyingine, weka perege wachache, na utapunguza mbu na malaria.

Ndovu ni habari nyingine. Kasigau ipo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Katika ukame wa 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu zaidi ya 200 walikufa nchini kwa muda wa miezi kadhaa, na waliobaki hai walikuwa wakitafuta maji popote. Ndovu mkubwa anaweza kunywa lita 100 hadi 200 kwa siku. Wakija kumi usiku mmoja, wamekunywa maji yako ya siku tatu au nne na nailoni wameichana. Ndama wao akitumbukia, mama hatoki hapo, na wewe hutoki nyumbani. Ua wa mnyaa hauwazuii. Kule Sagalla wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, na asali nayo inauzwa. Hii nayo ni sababu ya kutochimba bwawa pana. Maji machache yaliyofunikwa ni rahisi kuyalinda kuliko uwanja wa maji unaong'aa kwa mbalamwezi.

Pesa zikipungua

Najua swali litakalonijia. Bwawa, nailoni, waya, komeo, kamba, zote hizo pesa ziko wapi? Jibu langu ni kwamba pesa zikipungua, punguza bwawa, usipunguze ua. Badala ya mita 10 kwa 8, chimba mita 8 kwa 6 kwa kina kile kile cha mita 2. Litachukua lita 48,000, nusu ya lile. Utapunguza na bustani. Msimu ujao, Mungu akijaalia, utachimba la pili pembeni.

Na wale wanaogawa nailoni za bwawa kwa wananchi, iwe ni kaunti, mashirika au wanasiasa wakati wa kampeni, nao waambiwe. Nailoni bila waya wa ua ni msaada nusu. Mama wa Rukanga asipewe maji kwa mkono mmoja na hofu kwa mkono wa pili. Mzee wa mtaa au ofisa wa kilimo akija kukagua, asitazame shimo peke yake. Ajaribu pia mlango wa ua kama unajifunga.

Vuli haiko mbali. Pima kwanza, zungushia ua, kisha ungoje mvua. Mungu atujaalie mvua ya kheri.